Siku Niliyoshindwa Kuinuka Sijdani

Aibu hii nilikuwa nimekusudia niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa Mjini walikwisha kuniandaa kwa kaburi kabla ya wakati wangu, naona hakuna tena faida ya kuificha. Nisikilizeni basi, na kama ni kucheka, chekeni mapema mumalize, kwa sababu mbele kuna mahali ambapo mimi mwenyewe mpaka leo siwezi kucheka.

Siku hizo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kiwiliwili cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa karani katika bohari ya karafuu kule Malindi, hapa hapa Mjini, kazi ya kukaa tangu asubuhi mpaka alasiri nimeinamia daftari, vumbi la karafuu linaingia kifuani na mgongo unapinda kama ndoana, na kusi ikivuma nilikuwa nikitembea nimeikamata kanzu yangu kwa mikono miwili (watu wakadhani ni adabu, kumbe ni hofu ya kupeperushwa). Nilikuwa na kikohozi kisichokwisha. Tulikaa wawili tu, mimi na mama yangu, Bi. Zuwena, katika nyumba ndogo Ng'ambo, ukishavuka daraja la Darajani upande wa Mlandege. Mama alikuwa amezika watoto wanaume watatu, wote kwa ndui, wote ndani ya mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyebaki. Nikikohoa chumbani, mwiko ulikuwa unasimama chunguni. Anangoja tu, mpaka anisikie nimevuta pumzi, ndipo mwiko uendelee. Na moyo wake ulikuwa umechoka. Tabibu aliyemtazama alituambia wazi kwamba mama huyu asipewe habari za ghafla, za furaha wala za msiba.

Siku moja nilipandisha ndoo mbili za maji kutoka uani, hatua kumi tu, nikakaa chini nikihema kama niliyetoka Makunduchi kwa miguu. Mama akanitazama, akasema, "Kesho nenda forodhani kwa Ami Awadhi. Mwambie, mama amesema unijenge mwili."

Ami Awadhi alikuwa mnyapara wa mahamali, wale wachukuzi wa magunia, Mwarabu wa Kishihiri mwenye ndevu nyeupe, umri unakaribia sitini. Nataka nimweleze vizuri, maana nimeona wanaume wengi wenye nguvu na wote walikuwa wakizitangaza, wengine kwa kifua, wengine kwa mdomo, lakini Ami Awadhi alikuwa na nguvu kama kisima kilivyo na maji, kimya, chini, na kila siku zipo. Alikuwa akilinyanyua gunia la karafuu kama mtu anavyomnyanyua mtoto aliyelala, polepole, asimwamshe. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama nguzo ya msikiti. Vijana wa nusu ya umri wake walikuwa wakifika jioni wameshika viuno, na yeye anafika jioni ananunua mkate wa mofa, anatembea zake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Mwana wa Zuwena, siyo? Nyanyua kile pale."

Alinionyesha gunia. Nikainama, nikalikumbatia, nikavuta. Gunia halikuwa hata na habari kwamba kuna mtu.

"Basi, basi, liache," akasema, na hakucheka, nami nikampenda tangu hapo. "Unavuta kwa mgongo. Mgongo ni wa kubeba, siyo wa kuvuta. Miguu ndiyo inayovuta. Na tena, nani kakwambia uanze na gunia? Hamali mpya kwangu hapewi gunia."

"Hupewa nini?"

"Hupewa kamba. Mwezi mzima. Anajifunza kufunga, anajifunza kutembea, anajifunza kupumua. Halafu mzigo unakuja wenyewe."

Akanipa kijifuko cha mchanga, pishi mbili tu (mtoto wa chuo cha Kurani angekibeba kwa kidole), akaniambia nikiweke begani nichuchumae na kuinuka mara ishirini, mgongo umenyooka, visigino chini, nikiinuka nitoe pumzi, nisiibane kifuani. Kisha nilale kifudifudi nijisukume kwa mikono mara kumi. Kabla ya hayo yote nitembee kwanza mpaka mwili upate joto. Na nile vizuri, samaki, kunde, mayai, nisishibe kahawa. Na jambo alilolirudia mara tatu akiwa amenishika sikio: siku moja kazi, siku moja pumziko.

"Umeona fundi anapojenga ukuta wa mawe na chokaa?" akaniuliza. "Akishapanga safu moja, hufanya nini?"

"Huingoja ikauke."

"Akipanga safu kumi kwa siku moja?"

"Ukuta hulala chini."

"Haya. Wewe ndiye ukuta, na wewe ndiye fundi. Usinitie aibu."

Wiki tatu nilimfuata neno kwa neno, na Wallahi ilikuwa miujiza ya kimya kimya. Usingizi ukawa mtamu. Ngazi za bohari, ambazo zamani nilizipanda kwa vituo viwili, nikazipanda moja kwa moja. Kikohozi kikaanza kunisahau. Na mama, nikila, alikuwa akinitazama mikono kwa jicho la pembeni, kama mtu anayechungulia mche alioupanda na hataki watu wajue kwamba anauchungulia. Laiti ningebaki hapo.

Lakini Alhamisi ya wiki ya tatu, karani mwenzangu, Seifu, alinikuta nimekunja mikono ya kanzu, akanipima mkono kwa vidole viwili mbele ya bohari nzima. "Wiki tatu," akasema, "na bado unaingia kwenye pete! Kwa mwendo huu utamaliza kuujenga siku ya Kiyama, tena uchelewe." Watu wakacheka mpaka mizani ikatikisika. Mimi nikainamia daftari langu, na hapo ndipo nilipofanya hesabu iliyoniangamiza, hesabu ya karani, safi kabisa: ikiwa ishirini kwa siku zinanipa kiasi hiki kwa wiki tatu, basi mia tatu kwa siku moja zitanipa mwezi mzima ndani ya alasiri moja. (Kwenye karatasi haina kosa. Itazameni mtakavyo, haina kosa.)

Ile Alhamisi ilikuwa siku yangu ya pumziko. Mama alikwenda jirani kwenye khitma, nami nikaingia uani, nikaongeza mchanga mpaka pishi tano, nikaanza. Sikutembea kwanza, sikupasha mwili, niliingia tu kama mwizi. Ishirini, arubaini, mia. Kwenye mia na hamsini miguu ilinitetemeka nikaiambia nyamazeni. Nikapumzika, nikaendelea, nikafika mia tatu, halafu nikalala kifudifudi nikajisukuma kwa mikono mpaka mikono ikakataa. Nilipoinuka nilijiona simba. Nilimfungulia mama mlango kwa kifua mbele, nikala sahani mbili, nikalala nikiwa na huruma kwa Seifu.

Ijumaa asubuhi nikaamka nikiwa mzee wa miaka tisini. Mapaja yalikuwa kama yamepigiwa misumari, mikono hainyooki, kuvaa kanzu peke yake kulikuwa safari.

"Mbona unakwenda kama bata?" mama akaniuliza.

"Viatu vipya, mama."

"Huna viatu vipya."

"Ndiyo, nnazoea kabla sijavinunua."

Akanitazama sana, lakini akaniacha. Nikaenda kazini nikishika kuta, na adhana ilipoita nikaenda msikitini Malindi nikishika kuta zile zile. Kwa kawaida hukaa safu ya nyuma, lakini nilimwona Ami Awadhi yuko huko huko nyuma, anajifuta maji ya udhu, na kwa kuogopa macho yake nikajikokota mpaka safu ya mbele, nikasimama karibu na Bwana Makame, muuza halua, jirani yetu wa Ng'ambo, mtu mnene, mwenye huruma nyingi na miguu myepesi sana panapokuwa na habari ya kupeleka.

Kusimama niliweza. Rukuu niliweza, kwa machozi. Sijda ya kwanza sikushuka, nilianguka. Nikajizoa, nikakaa, nikaenda sijda ya pili, na Imamu aliposema "Allahu Akbar" ili tuinuke kwa rakaa ya pili, watu wote wakainuka kama wimbi, na mimi nikabaki chini. Nikaiambia mikono sukumeni, mikono ikakaa kimya. Nikaiambia miguu, na miguu ndiyo ikaniangamiza, maana mapaja yote mawili yalikakamaa kwa pamoja, msuli ukajikunja ndani ya nyama kama ngumi, na pumzi ikanikatika.

Ningeweza kujibwaga upande, nikakaa, nikasali nimekaa kama mgonjwa. Hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini nilifikiri, watasema nini? Safu ya mbele, kijana, amekaa kama kikongwe? Nikaamua nibaki nilivyo, mtu atadhani nimezama katika ibada, na msuli ukilegea nitainuka. Basi nikabaki, watu wakamaliza rakaa ya pili, wakatoa salamu, na mimi bado paji la uso liko kwenye mkeka.

"Masha'Allah," nikamsikia Bwana Makame ananong'ona. "Mtazameni kijana wa watu."

"Mwache," akasema mzee mmoja. "Huyo yuko na Mola wake."

"Na vijana wa leo walivyo! Kumbe bado wapo."

Nakiri mbele yenu kwamba sifa zile zilikuwa tamu. Jasho linanidondoka, paja linawaka, na mimi bado nasikiliza kama kuna nyingine. Lakini sifa zikaisha, na yule mzee akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini mbona hatikisiki?"

Bwana Makame akaniwekea mkono begani, taratibu, kama anavyoijaribu halua yake kama imeshika. Nikapinduka. Nikaanguka ubavu, magoti yamekunjika vile vile, macho yamenitoka kwa maumivu na mdomo uko wazi bila sauti.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

"Kafa sijdani! Jamani, kafa sijdani, tena Ijumaa!"

"Ya Rabbi, kifo gani hicho! Nani asiyekitaka?"

Mtu mmoja akaanza kulia, na mwingine akaniinamia sikioni akaniomba nikifika nimsalimie baba yake. Nikajikaza, nikatoa sauti, "Mmmh..." na mzee akapiga kelele, "Bado roho haijatoka! Mtamkisheni shahada!" Wakanizunguka wakinitamkisha, na mimi nikaitamka. (Mlitaka nifanyeje? Mwislamu aambiwe atamke shahada akatae?) Nilipoimaliza msuli ukanibana upya, nikafumba macho kwa uchungu, na msikiti mzima ukashusha pumzi moja. Ikawa imekwisha. Nilisikia miguu inakimbia kuelekea mlangoni.

"Pisheni."

Sauti ile niliijua. Ami Awadhi akapiga goti, akaniweka kidole gumba pajani, akabonyeza. Nikapiga ukelele uliotikisa taa, na safu nzima ya mbele ikarudi nyuma kwa pamoja.

"Jana ulikuwa na kazi au pumziko?"

"Pumziko, Ami."

"Ulipiga ngapi?"

"Mia tatu."

"Nilikwambia ngapi?"

"Ishirini."

Mtu mmoja akacheka puani, na baada yake msikiti wote, wazee wameshika ndevu, yule aliyekuwa analia analia tena kwa kucheka. Imamu peke yake alinihurumia. "Mwanangu," akasema, "asiyeweza kusimama, dini imempa ruhusa akae. Ungekaa tu. Nani angekudai?"

Nami nilikuwa tayari kufa kweli kwa haya, lakini Ami Awadhi alikuwa akitazama huku na huku. "Makame yuko wapi?"

Viatu vyake vilikuwepo mlangoni. Yeye hakuwepo.

"Ameshakwenda Ng'ambo," mtu akajibu polepole, "kumpa habari mama yake."

Hapo ndipo mahali nilipowaambia kwamba siwezi kucheka. Kicheko kilikatika kama uzi. Kila mtu mle ndani alimjua mama, na kila mtu alijua yale makaburi matatu. Nikajaribu kuinuka, Wallahi nilijaribu kwa roho yangu yote, na magoti yakanikunjikia. Nikasema, "Ami, moyo wake. Ami, hatapona."

Alinigeuzia mgongo, akachuchumaa, mgongo umenyooka, visigino chini, akanivuta mikono ikapita mabegani kwake, akatoa pumzi, na nikajiona niko juu. Hivi hivi alivyonifundisha. Kisha akaanza kukimbia.

Siwezi kuisahau mbio ile mpaka niingie kaburini kwa haki. Vichochoro vya Mjini ni vyembamba na kila kona ina mtu, punda au sinia, na yule mzee wa karibu miaka sitini, na mtu mzima mgongoni, alipita kama maji yanavyopita kwenye mfereji, hatua fupi fupi, hakuruka, hakuyumba, pumzi inaingia na kutoka kwa hesabu moja. Chini ya kifua changu nilisikia misuli yake inavyofanya kazi, kila mmoja kwa zamu yake, hakuna unaousukuma mwingine. Miaka arubaini ya subira ilikuwa ikinibeba. Nikaona haya kubwa kuliko ile ya msikitini, kwa kuwa nilitaka kitu hiki, kitu kizuri hivi, nikipate kwa alasiri moja.

Nyuma yetu watu wa msikitini wanatufuata, wengine wanapiga kelele "Kafufuka!", wengine "Mpisheni maiti!", na juu madirishani kina mama wameanza vilio bila ya kujua wanamlilia nani. Nikaona dawa ni kuwaonyesha watu kwamba mimi ni mzima, basi kila mzee tuliyempita nikawa nampa shikamoo kutoka mgongoni. Mmoja alijibu "Marahaba" halafu akakaa chini barabarani. Tulipotokea Darajani wauza samaki walisimama na visu mikononi, na mbele yetu, katikati ya daraja, pekupeku, kanzu ameikunja mpaka magotini, nikamwona Bwana Makame.

"Bwana Makame!" nikaita. "Bwana Makame, nngojee!"

Akageuka. Akamwona maiti aliyemwacha msikitini anakuja juu kwa juu, amenyoosha mkono, anamwita kwa jina. Sijapata kuona mtu mnene akikimbia vile. Aliyekuwa anakwenda kupeleka habari ya kifo, sasa alikuwa anakikimbia kifo chenyewe, na vyote viwili vilikuwa vinaelekea mlangoni kwetu.

"Nyamaza sasa," akasema Ami Awadhi, na hilo ndilo neno pekee alilolisema njia nzima. Akaongeza mwendo. Nilisikia pumzi yake ikibadilika kwa mara ya kwanza, nikajua nimemfikisha mwisho wa nguvu zake, na kwamba anazitoa zote.

Bwana Makame alifika kwanza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kanga, vile vilio vya mbali vimeshamtoa ndani. Nilimwona Makame ameshika mwimo wa mlango, nikaona mdomo wake unafunguka.

"Mwa..." akasema. "Mwa... mwa..."

Hakuwa na pumzi. Alhamdulillahi, mtu yule hakuwahi kukimbia tangu atahiriwe, na pumzi yote aliyokuwa nayo aliiacha darajani. Alifungua mdomo, akaufunga, akanyoosha kidole nyuma yake, na pale alipokuwa bado anatafuta neno, Ami Awadhi akafika, akanishusha miguuni pa mama.

"Mwanao huyu hapa, Zuwena," akasema. "Mzima. Mjinga, lakini mzima."

Mama hakulia. Alimtazama Makame, akawatazama watu waliokuwa wakimiminika kutoka darajani na nyuso zao za msiba, akanitazama mimi, na nikaona anaipanga habari yote moja moja mpaka ikakamilika. Akakaa chini kizingitini. Akauchukua mkono wangu, ule mkono wa kuingia kwenye pete, akauweka juu ya kifua chake, juu ya kanga, akaukandamiza. Moyo wake ulikuwa unapiga kama ndege aliyenaswa, unapiga, unakosa, unapiga tena.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nnasikia, mama."

"Basi usinibebeshe tena mzigo kama huu."

Tulikaa vile mpaka moyo ukatulia, na watu, kwa adabu yao, mmoja mmoja wakaondoka. Bwana Makame alipewa maji. Ami Awadhi alikuwa amekaa ukutani, macho ameyafumba, mikono inamtetemeka magotini. Mimi ndiye niliyeitetemesha.

Siku nane sikugusa mchanga. Siku ya tisa nilikwenda forodhani, nikampa shikamoo, akanipa kamba.

Sasa ni miaka mingi, na mnaniona nilivyo. Magunia nabeba, ngazi napanda, kikohozi nimekisahau hata jina. Mara nyingine alfajiri mwili unakuwa mwepesi, unaniambia ongeza, leo unaweza, ongeza, na mkono wangu huukumbuka ule moyo wa mama chini ya kanga, nami huuweka mzigo chini. Nimeapa sitazidisha tena, na kiapo hicho sijakivunja. Lakini Mjini hawasahau, wananiita Marehemu mpaka leo, wakubwa kwa wadogo, na mimi, maadamu mama yuko hai na anasikia, huwaitikia kwa sauti kubwa: Naam!